Mawazo ya kazi, maini na dawa za Kichina

Mama anayefungua duka asubuhi pale Cheyo, Tabora, na jioni anarudi kuwasha jiko, huenda asijiite mgonjwa. Husema tu, "Nina mawazo." Lakini kifua kinambana, usingizi haupo, hasira ziko karibu, na matiti yanauma kabla ya hedhi.

Kwa tabibu wa Kichina, dalili hizo zina mzizi mmoja: ini. Si ini la vipimo vya hospitali, bali ini kama msimamizi wa nguvu ya mwili iitwayo chi. Ukimeza hasira kila siku, chi hukwama. Hata sisi husema maneno makali hukata maini. Mawazo mengi nayo, wanaeleza, hudhoofisha bandama, na hamu ya kula hupotea.

Tiba yao ni sindano, mazoezi ya pumzi, na mitishamba iitwayo Xiaoyao San, inayotumika tangu enzi ya Song.

Hapa angalia, mama. Mchanganyiko huo huwa na urukususu, ambao ukizidi hupandisha shinikizo la damu. Mwenye presha, mjamzito au anayemeza dawa nyingine amwambie daktari kwanza. Hakikisha pia mtoa tiba amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala.

Huzuni ikipita wiki mbili, nenda Hospitali ya Kitete. Ukifikiria kujidhuru, nenda siku hiyo hiyo.

Akina baba, mzigo wa jioni ukigawanywa, nusu ya dawa imepatikana.