Kadi namba 38 na golikipa aliyezuia akiwa wima

Msimu wa 1911–12, kampuni ya Imperial Tobacco ya Kanada ilitia ndani ya paketi zake za sigara kadi ndogo za rangi zenye picha za wachezaji wa hoki ya barafuni. Seti nzima ilikuwa na kadi 45. Ile yenye namba 38 ni ya Georges Vézina, golikipa wa Montreal Canadiens, na leo ni miongoni mwa kadi za hoki zinazowaniwa sana na wakusanyaji.

Kwa nini hiyo? Kwanza, ndiyo kadi yake ya mwanzo. Vézina alijiunga na Canadiens Desemba 1910, lakini seti ya msimu ule, yenye kadi 36, haikumjumuisha. Ikabidi asubiri hii iliyofuata, ambayo wakusanyaji huiita C55. Jina hilo limetoka kwenye katalogi ya Mmarekani Jefferson Burdick, aliyeziorodhesha kadi za zamani na kuzipa za tumbaku za Kanada herufi C.

Lakini kuwa ya mwanzo hakutoshi. Wapo wachezaji kadhaa katika seti hiyohiyo ambao kadi zao ni za mwanzo na hazina wa kuzigombea. Thamani ya namba 38 imejengwa na miaka yake 15 langoni.

Vézina alizaliwa Chicoutimi, Quebec, mwaka 1887. Alipoanza kucheza hoki ya kulipwa, golikipa hakuruhusiwa kujiangusha kwenye barafu ili kuzuia kisahani cha raba. Akifanya hivyo aliadhibiwa. Ilimpasa kuzuia kila kitu akiwa amesimama, kwa fimbo, miguu na macho makali, tena bila kifuniko cha uso. Katika kazi hiyo Vézina hakuwa mtu wa kupaparika, na utulivu wake ulimpatia jina la utani, Tango la Chicoutimi, kwani kwa Kiingereza mtu mtulivu husemwa ni baridi kama tango. NHL, ligi ya hoki waliyocheza Canadiens, iliiondoa sheria hiyo ya kutojiangusha Januari 1918. Mwezi mmoja hivi baadaye, tarehe 18 Februari, Canadiens waliifunga Toronto 9–0, na Vézina akawa golikipa wa kwanza wa NHL kumaliza mechi bila kufungwa.

Alitwaa Kombe la Stanley, taji kuu la hoki, mwaka 1916 na tena 1924. Mwanawe aliyezaliwa wakati wa ushindi ule wa kwanza alipewa Stanley kuwa mojawapo ya majina yake. Msimu wa 1924–25, akiwa ametimiza miaka 38, alifungwa wastani wa mabao 1.81 kwa mechi, na hakuna golikipa wa ligi aliyemzidi. Kwangu mimi, hiyo ndiyo takwimu inayosema mengi kuliko zote: mchezaji aliyelelewa na sheria za zamani akawashinda vijana kwa sheria mpya.

Tangu siku ya kwanza hakukosa mechi hata moja: 328 za ligi mfululizo, na 39 za mtoano. Tarehe 28 Novemba 1925, dhidi ya Pittsburgh, aliingia uwanjani akiwa na homa kali na akashindwa kuendelea baada ya kipindi cha kwanza. Ilikuwa kifua kikuu. Alifariki Machi 1926, akiwa na miaka 39. Wamiliki wa Canadiens wakatoa tuzo kwa jina lake, na hadi leo golikipa bora wa NHL hupewa Vezina Trophy kila msimu.

Turudi kwenye kadi. Ilitengenezwa kwa karatasi, ikashikwa na watoto, ikabandikwa kwenye daftari, ikapindwa. Ndiyo maana hali yake huamua bei: pembe zilizo kali, rangi isiyofifia, mgongo usio na gundi. Nakala iliyochakaa huuzwa kwa maelfu ya dola, na iliyo safi hupanda mbali zaidi. Bei hizo zimewavutia waigaji, na nakala bandia ni nyingi. Ukikutana nayo, chukua kioo cha kukuza utazame herufi za jina: katika kadi halisi wino umejaa bila kukatika, ilhali nakala iliyopigwa chapa siku hizi huonyesha vitone vidogovidogo. Na kama haijakaguliwa na kampuni inayoaminika ya kupima kadi, usitoe fedha, hata muuzaji akikuhimiza vipi.