Maharage Yachemke Kwanza

Mgonjwa anapofika kituo cha afya akitapika mfululizo saa chache baada ya kula, huulizwa kuhusu nyama, maziwa na maji aliyokunywa. Yafaa aulizwe pia: je, alikula maharage, na yalichemka kwa muda gani?

Maharage mabichi, hasa mekundu, yana protini iitwayo lektini, ambayo hudhuru utumbo. Punje nne au tano zisizoiva zaweza kuleta kichefuchefu, kutapika sana na kuharisha, kwa kawaida saa moja hadi tatu baada ya kuliwa. Wengi hupata nafuu baada ya saa chache, lakini mtoto mdogo au mzee huweza kupungukiwa maji mwilini upesi.

Kinachoiharibu lektini ni maji yanayotokota. Kuacha sufuria juu ya moto hafifu usiofikia mchemko, hata kwa saa nyingi, hakutoshi. Punje huweza kulainika huku sumu ingalimo.

Mkaa ni ghali, na njia salama ya kuuokoa huanza jioni. Maharage yachambuliwe, yaoshwe na kulowekwa katika maji mengi kwa saa tano au zaidi. Asubuhi maji hayo yamwagwe, yatiwe mapya, na sufuria itokote kwa nguvu kwa dakika 30. Hapo ndipo moto upunguzwe, au sufuria ihamishiwe kwenye kapu lililojazwa nguo, maharage yamalizie kuiva kwa joto lake. Yaliyokaa ghalani muda mrefu hukawia zaidi. Punje iliyoiva hupondeka vidoleni bila kiini kigumu.

Magadi hulainisha haraka, lakini huharibu vitamini B1 na huongeza sodiamu, ambayo mwenye shinikizo la juu la damu hutakiwa kuipunguza. Mgonjwa wa figo naye apate ushauri wa mtaalamu wa lishe kuhusu kiasi cha kula, kwa kuwa maharage yana potasiamu nyingi.

Tahadhari hizi zisimwogopeshe mtu. Maharage yaliyoiva vizuri ni chakula bora na cha bei nafuu, chenye protini, nyuzinyuzi, folati na madini ya chuma. Lakini kumwambia mgonjwa ale maharage ni nusu ya ushauri. Nusu ya pili ni kumweleza namna ya kuyapika.