Kabla Hujaipasua Trekta

Mvua za Oktoba zinapokaribia, trekta huanza kuteremka kutoka mji wa Embu kuelekea Siakago na Kiritiri, plau za diski zikining'inia nyuma. Huko Mbeere mashamba ni mapana na makavu, na vuli ndiyo mvua ambayo wakulima wa ndengu na mahindi huitegemea zaidi. Aliyechelewa kulima amechelewa kuvuna. Kwa mwenye trekta ya kukodisha, msimu huo mfupi ndio mwaka wake mzima, na trekta ikilala karakana wiki moja wateja humwita mwingine. Ndiyo sababu klachi inapoanza kusumbua, hofu huleta uamuzi wa haraka: ipasuliwe.

Kuipasua trekta ni kuitenganisha injini na giaboksi, mashine ikabaki vipande viwili vinavyosimama kila kimoja peke yake. Ni kazi ya siku nzima au zaidi, ya gharama na ya hatari. Wakati mwingine hakuna budi. Lakini matatizo mengi ya klachi hujieleza yenyewe kwa dereva aliyeketi kitini, na baadhi yake huponywa kwa spana mbili.

Katika klachi ya kawaida, pleti yenye bitana ngumu za msuguano hubanwa kati ya flaiwili ya injini na presha pleti, kama karatasi kati ya viganja viwili. Ikibanwa, nguvu ya injini hupita kwenda kwenye gia. Dereva akikanyaga pedali, beringi ya kuachia husukuma vidole vya presha pleti, mbano hulegea, na magurudumu hukosa nguvu ingawa injini inazunguka. Karibu kila ugonjwa wa klachi ni mmoja kati ya miwili: haibani sawasawa, au haiachii sawasawa. Ukichanganya hiyo miwili utanunua vipuri usivyovihitaji.

Klachi isiyobana huteleza. Injini hupaa, moshi huongezeka, plau haisogei, na harufu kali ya kuungua hupanda hadi kitini. Kipimo chake ni rahisi, ila kifanyike mahali tambarare pasipo na mtu mbele: weka gia ya juu, shika breki kwa nguvu, ongeza moto kidogo kisha achia pedali taratibu. Klachi nzima itaizima injini. Ikiendelea kunguruma huku trekta imesimama, inateleza. Jaribio hilo lifanyike mara moja tu, kwa sekunde chache, kwa maana kila mtelezo huchoma bitana zaidi.

Hata hapo, usikimbilie kupasua. Tazama kwanza pedali. Inaposukumwa kwa mkono inapaswa kwenda bure kidogo kabla ya kukutana na uzito. Kwa trekta nyingi zenye klachi ya fito za chuma, nafasi hiyo ni kati ya milimita 20 na 40 hivi, na kipimo kamili kimo kwenye kitabu cha trekta. Jambo linalowapotosha wengi ni kwamba bitana zikilika, nafasi hiyo haiongezeki, bali hupungua. Vidole vya presha pleti husogea vikiifuata beringi, hadi siku moja beringi inavisukuma muda wote, ni kana kwamba kuna mguu usioonekana umekanyaga pedali. Kurekebisha urefu wa fito huchukua chini ya saa moja. Kuna trekta ambazo zimepasuliwa kwa sababu hakuna aliyepima nafasi hiyo.

Katika eneo la Manyatta, mguu huo mara nyingi huonekana wazi. Juu ya mji wa Embu, kuelekea Kianjokoma na msitu wa Mlima Kenya, mashamba ni madogo, yamejaa kahawa na chai, na ardhi ni miinuko mitupu. Huko trekta hulima kidogo na kubeba sana: samadi, mawe ya ujenzi, mchanga, kuni za viwanda vya chai. Dereva mwenye tela iliyojaa akisimama katikati ya kilima, kishawishi chake ni kuishikilia trekta kwa nusu klachi badala ya breki. Kwa dakika moja ya namna hiyo bitana hupata joto ambalo zisingelipata kwa saa kadhaa za kulima tambarare. Hung'aa kama kioo na kupoteza mshiko. Kuondoka kilimani kwa gia ya juu, na kupumzisha buti juu ya pedali safari nzima, huleta madhara yaleyale polepole.

Mwenye trekta humtazama dereva kwanza, na pengine ana sababu. Lakini klachi huteleza pia kwa mafuta, na mafuta si kosa la dereva. Chini ya nyumba ya klachi, kwenye trekta nyingi za zamani, kuna tundu dogo lenye pini inayochezacheza ili lisizibe matope. Mafuta yakidondoka hapo, sili imechoka. Yakiwa meusi na membamba, yametoka kwenye injini kupitia sili ya nyuma ya krankshafti; yakiwa mazito, yenye harufu ya kiberiti, ni ya giaboksi. Hapo kupasua hakuepukiki, na pleti iliyolowa mafuta haisafishiki ikarudi kuwa mpya. Kumkata dereva mshahara kwa sababu ya raba iliyozeeka ni dhuluma, na dakika tano za kulala chini ya trekta na tochi zingeizuia.

Klachi isiyoachia ina dalili zake. Gia hukwaruza, hasa ya kurudi nyuma, na trekta hunyemelea mbele hata pedali ikiwa imekanyagwa hadi chini. Kosa linaweza kuwa nafasi ya pedali iliyozidi, kidole kilichovunjika, au pleti iliyopinda. Kwenye trekta mpya zinazotumia mafuta badala ya fito, angalia kiwango cha mafuta ya klachi na hewa iliyoingia kwenye bomba. Trekta iliyolala nje mvua zote huweza kukutwa pleti yake imeshikana na flaiwili kwa kutu. Ndiyo maana vitabu vingi vya trekta hushauri pedali ifungwe ikiwa imekanyagwa, kwa kipande cha mbao, trekta inapowekwa kwa muda mrefu.

Massey Ferguson nyingi za zamani, kama 135 na 240, huwatatiza hata mafundi wa magari, kwa kuwa nyingi zina klachi mbili ndani ya nyumba moja. Pedali ikifika nusu, magurudumu husimama. Ikifika chini kabisa, shafti ya PTO inayozungusha rotaveta au mashine ya kukata majani nayo husimama. Basi trekta inayobadilisha gia vizuri lakini inakwaruza PTO inapounganishwa huenda inahitaji marekebisho ya hatua ya pili tu. Kwa wanaokwenda Mwea kusaga matope ya mpunga kwa rotaveta, hatua hiyo ndiyo inayobeba kazi yote.

Sauti nayo husaidia. Mlio unaoanza pedali inapokanyagwa huelekeza kwenye beringi ya kuachia. Mlio unaonyamaza pedali inapokanyagwa, gia ikiwa huru, huelekeza kwenye beringi ya shafti ya giaboksi.

Ikibidi kupasua, tatizo la kwanza la Manyatta ni mahali. Kazi hii yataka sakafu ya saruji iliyo sawa, na kwenye miinuko hiyo si kila karakana inayo. Kabla ya kufungua bolti hata moja, kabari za mbao hupigwa pande zote mbili kati ya ekseli ya mbele na injini, kwa kuwa ekseli hiyo hucheza juu ya pini moja na injini ikiachwa bila kabari hulala upande. Jeki pekee haitoshi. Magogo imara yawe chini ya kila nusu. Vumbi la ndani lisipulizwe kwa hewa, kwa sababu bitana za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake huharibu mapafu. Lipanguswe kwa kitambaa chenye maji.

Pleti ya zamani ndiyo iende dukani, iwe Embu au Kirinyaga Road jijini Nairobi. Massey Ferguson za Uingereza, za Pakistan na za India hufanana kwa nje, lakini kipenyo cha pleti na idadi ya meno ya katikati huweza kutofautiana. Flaiwili yenye madoa ya buluu au nyufa ndogo ipelekwe ikachongwe, la sivyo itaila pleti mpya. Sili na beringi ya kuachia zibadilishwe papo hapo hata kama zinaonekana nzima, maana bei yake ni ndogo ikilinganishwa na kupasua mara ya pili. Bitana mpya hukaa na kujipanga katika siku za mwanzo za kazi, kwa hiyo nafasi ya pedali ipimwe tena baada ya ekari za kwanza, kabla trekta haijateremka Mbeere.