Je, Wajua? Wali wa Dakika Chache, Kiungo cha Miaka Miwili

Je, wajua kwamba wali wa kukaanga kwa miso, ambao Mjapani huupika upesi akirudi kazini, huenda una kiungo kilichoanza kutengenezwa miaka miwili kabla? Miso ni rojo zito la soya iliyochachushwa kwa chumvi. Inayonivutia kuliko zote ni ya mtaa wa Hatcho mjini Okazaki, mkoa wa Aichi, kama mita 870 kutoka ngome alikozaliwa Tokugawa Ieyasu mwaka 1543. Huko hutumika soya, chumvi na maji, bila mchele wala shayiri. Pipa moja la mbao za mwerezi hubeba takriban tani 6, na juu yake mafundi hupanga kwa mkono mawe ya mtoni yapatayo tani 3, mpaka yanachongoka kama piramidi. Uzito huo unaikandamiza soya ili maji na chumvi vienee sawasawa. Kisha pipa huachwa lipitiwe na joto na baridi, mwaka wa kwanza na wa pili.

Kazi yenyewe huanzishwa na kuvu. Wajapani huiita koji, wanasayansi Aspergillus oryzae, na mwaka 2006 chama cha wataalamu wa uchachushaji nchini humo kiliitangaza kuwa kuvu ya taifa. Heshima hiyo inaistahili. Koji huvunja protini za soya kuwa asidi za amino, mojawapo ikiwa glutamati, ambayo Kikunae Ikeda aliitambua mwaka 1908 kwenye mwani wa kombu kuwa ndiyo chanzo cha ladha ya umami. Hata kabla ya hapo, mwaka 1894, mkemia Jokichi Takamine alikuwa amepata hataza Marekani kwa kimeng'enya alichokitoa kwenye koji, kikauzwa kama dawa ya kusaidia tumbo kusaga chakula.

Je, wajua pia kwamba askari wa zamani wa Japani walifungia mizigo yao kwa miso? Mabua ya magimbi yalisukwa kamba, yakachemshwa ndani ya miso na kukaushwa. Safarini kamba ilifunga mizigo. Njaa ikibisha, kipande kilikatwa, kikatiwa maji moto, ikawa supu.

Turudi jikoni. Wali wa kukaanga, chahan, asili yake ni China, na mchele wa Kijapani una punje fupi zinazonata. Ndiyo maana wali wa jana unafaa zaidi: ukipoa, wanga hukaza, punje hukauka na kuachana. Lakini kiporo kina hatari yake. Bakteria wa Bacillus cereus huacha mbegu zisizokufa kwa kuchemshwa, na wali ukilala nje kwenye joto, hutoa sumu ambayo hata moto wa kukaangia hauiharibu. Kwa hiyo wali utandazwe upoe haraka, kisha uingie kwenye friji. Asiye na friji apike wali mpya wenye maji kidogo, autandaze kwenye sinia na kuupepea mpaka mvuke uishe. Matokeo ni mazuri, na tumbo li salama.

Kwa bakuli mbili za wali, kijiko kimoja cha chakula cha miso kinatosha. Miso nyekundu ina chumvi karibu asilimia 12, basi usiongeze nyingine kabla ya kuonja. Ilegeze kwa kijiko cha maji, la sivyo itabaki madonge. Karai lipate moto mkali, mafuta, yai lililopigwa, na wali mara moja kabla yai halijakauka. Geuza upesi, ukivunja madonge kwa mgongo wa mwiko, kisha tia majani ya kitunguu. Miso huja mwisho kabisa, ikimiminwa pembezoni mwa karai: sukari na asidi zake za amino zikigusa chuma cha moto hutoa harufu ya kuchoma inayotia hamu, lakini zikizidisha sekunde chache tu huungua na kuwa chungu.

Miso nyeupe ya Kyoto ina sukari nyingi na chumvi kidogo, kwa hiyo huungua upesi zaidi. Ipunguzie moto, na iwekee mboga au samaki. Ile ya Okazaki ni kali na nzito, ipe nyama.