Goma: Namba za Nyiragongo bado si habari

Jumamosi tarehe 22 mwezi wa tano mwaka 2021, jioni, mlima Nyiragongo ulipasuka na lava ikateremka kuelekea Goma. Watu wapatao 30 walikufa. Lava ilisimama karibu na uwanja wa ndege. Tangu usiku ule wakaaji wengi wanajiuliza: kama mashine ziko mlimani, kwa nini hatukuambiwa mapema?

Jibu linaanzia ndani ya ordinatere. Sismografu, yaani kipimo cha mitetemeko, haijui kama mlima utalipuka. Kazi yake ni kuandika mtikisiko wa ardhi kwa namba. Nyingi hupima mara 100 kila sekunde: kwa siku moja ni namba 8.640.000, tena kwa upande mmoja tu, kwani kwa kawaida kipimo kinafuata pande tatu. Lori likipita karibu, linaandikwa. Upepo mkali pia. Hizo ndizo data.

Habari ni kitu kingine. Ordinatere inalinganisha namba za vituo mbalimbali, inatenga kelele za lori, inatafuta tetemeko limeanzia wapi na kwa kina gani. Kisha mtaalamu anasoma na kupima uzito wake. Mkaaji wa Majengo au Buhene yeye anapata rangi moja tu ya tahadhari: kijani, manjano, chungwa au nyekundu.

Njia hiyo inahitaji pesa. Mradi wa Benki ya Dunia uliosaidia kituo cha kuchunguza volkano cha Goma, OVG, ulimalizika mwaka 2020, na kwa miezi kadhaa kituo kilikosa intaneti. Mlima uliendelea kutikisika, lakini uchunguzi wake haukufanyika kama inavyotakiwa.

Hata hivyo, si haki kuitupia intaneti lawama yote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Nature ulionyesha kwamba dalili za wazi zilianza muda usiofika saa moja kabla ya lava kutoka. Hata ordinatere bora kuliko zote isingepata mengi ya kusema siku iliyotangulia.

Siku tano baadaye mambo yaligeuka. Matetemeko na mipasuko ya ardhi vilionyesha kwamba magma imeingia chini ya mji na chini ya Ziwa Kivu. Tarehe 27, gavana wa kijeshi Constant Ndima aliamuru mitaa 10 ihame. Watu kwa malaki walikimbia, wengine Sake, wengine Rwanda, wengine kwa boti hadi Bukavu.

Mlipuko wa pili haukutokea. Mama aliyelala nje huko Sake na watoto anaweza kuona kwamba alidanganywa. Lakini magma ilikuwa pale kweli. Kama ingetoka au ingebaki chini, hilo halikuwemo katika namba zile.