Uchumi wa Simu Huhesabiwaje?

Watu wengi hudhani ya kuwa fedha ikipita katika simu, papo hapo imekuwa mali mpya ya nchi. Sivyo. Kazi ya kupima uchumi wetu ni ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu, iliyoko Dodoma, nayo ina kanuni zake.

Tutwae mfano wa huku kwetu. Mvuvi wa Mbamba Bay amemwuzia mfanyabiashara wa Mbinga dagaa wa shilingi 100,000. Zamani mnunuzi alishuka milima na noti mfukoni, au alimwamini dereva wa gari. Siku hizi hupeleka fedha kwa simu, desturi iliyoanza kuenea nchini Vodacom ilipoleta M-Pesa mwaka 2008. Tuseme ada ya kupeleka na kutoa ni shilingi 3,000. Je, simu imezalisha kiasi gani? Si 100,000. Hiyo ni bei ya dagaa, nayo huingia katika fungu la uvuvi, kama ambavyo ingeingia kwa malipo ya noti. Simu imezalisha huduma tu, yaani ile ada. Na hata humo hutolewa kwanza gharama za vitu vilivyotumika, kama mafuta ya jenereta ya mnara, na kodi huandikwa mahali pake. Kinachobaki ndicho thamani iliyoongezwa. Basi tuwe macho tunaposikia matrilioni ya miamala: noti ile ile ikipita kwa watu watano huhesabiwa mara tano.

Ugumu mwingine ni kwamba vitabu vya taifa vina fungu la Habari na Mawasiliano, lakini simu hufanya kazi katika mafungu yote. Mkulima wa kahawa anayeuliza bei kwa simu hubaki katika kilimo. Ujumbe wa WhatsApp hauna bei, kwa hiyo hauonekani kabisa, hata kama umemwokolea mtu safari ya siku nzima.

Wengine husema tuhesabu laini. Mamlaka ya Mawasiliano ilitoa hesabu ya laini zaidi ya milioni 70 mwishoni mwa mwaka 2023, hali Sensa ya Agosti 2022 ilikuta watu 61,741,120, pamoja na watoto wanyonyao! Hapana shaka wengi wana laini mbili au tatu, hasa mahali ambapo mtandao mmoja hushika kijiji hiki na mwingine kijiji kile. Wakati huo huo yuko mama asiye na laini hata moja, ambaye huazima simu ya mumewe. Hesabu ya laini humficha mama huyo, na mwenye kupanga mambo ya kijiji aweza kudhani wote wamekwisha kufikiwa. Kwa maoni yangu, afadhali karani apite nyumba kwa nyumba na kuuliza: nani anayo, na huifanyia kazi gani?

Mwezi wa Machi 2025 Kamisheni ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa ilipitisha kanuni mpya za hesabu za mataifa, na humo data zenyewe zahesabiwa kuwa mali, kama vile mashine. Nchi zitazifuata polepole, kila moja kwa wakati wake. Dagaa wa Mbamba Bay, hata hivyo, wataendelea kuandikwa katika uvuvi.