Skripti Isijifanye Tarishi

Chunguza seva ya Linux au BSD inayotuma barua pepe, na kwa kawaida utakuta humo programu iitwayo /usr/sbin/sendmail. Jina ni la kazi ya Eric Allman wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, iliyosambazwa pamoja na BSD mwaka 1983. Lakini programu inayoitika jina hilo leo mara nyingi ni nyingine kabisa: Postfix ya Wietse Venema, au Exim ambayo Philip Hazel aliianza Cambridge mwaka 1995. Wote wawili waliiandika upya kazi nzima, ila jina na namna ya kuiita wakaviacha vilevile, maana skripti nyingi mno zilikwisha kuvizoea.

Huo ndio mlango wa skripti. Ile inayoripoti usiku kwamba nakala rudufu zimekamilika, au inayompelekea mteja stakabadhi, haina sababu ya kwenda yenyewe hadi seva ya mpokeaji. Seva ya mbali inaweza kuwa imezimika au imelemewa. Nyingine hukataa kwa makusudi barua ya kwanza ya mtumaji zisiyemjua, zikijua kwamba mtumaji wa kweli atarudi baada ya muda. Skripti hairudi. Ikimaliza zamu yake imetoweka, na barua imepotea nayo. Postfix, kwa upande wake, huiweka barua kwenye foleni na, mipangilio yake ya awali isipoguswa, huendelea kujaribu kwa siku 5 kabla ya kumrudishia mwenyewe.

Kuna vijialama vichache vya kuambatanisha na amri ya sendmail, na kinachosahauliwa zaidi ni -i. Katika kanuni za kutuma barua pepe (SMTP) alizoandika Jon Postel mwaka 1982, mstari wenye nukta peke yake maana yake ni kwamba barua imekwisha. Sendmail hufuata desturi hiyohiyo inaposoma maandishi kutoka kwa skripti. Basi ripoti yako ikiwa na mstari wa nukta tupu katikati, mpokeaji atapata nusu, na hakuna atakayelalamika. Kijialama cha -i huifanya nukta iwe nukta tu. Cha -f hutaja anwani ya bahasha, yaani mahali zitakaporudi barua zilizoshindikana. Usipoitaja, kwa kawaida zitarudi kwa akaunti inayoendesha skripti, na kwenye seva za tovuti hiyo ni akaunti ambayo sanduku lake halifunguliwi na binadamu yeyote.

Hatari kubwa huanza pale maneno ya mgeni, aliyejaza fomu kwenye tovuti, yanapoingizwa ndani ya amri yenyewe. Desemba 2016 iligunduliwa kasoro katika PHPMailer, maktaba ya PHP inayotumiwa na tovuti nyingi sana duniani. Anwani ya mtumaji ilipachikwa baada ya -f. Kwa kuwa kanuni za barua pepe huruhusu hata nafasi ndani ya anwani ikiwa imefungwa kwa alama za kunukuu, mshambuliaji aliweza kuunda anwani inayopita ukaguzi kisha ikapasuka kuwa vijialama vipya. Kimojawapo kilikuwa -X, ambacho huiagiza Sendmail iandike mazungumzo yote kwenye faili. Faili hiyo ikiwekwa ndani ya folda ya tovuti, na barua ikiwa imebeba msimbo wa PHP, seva imekwisha kutekwa. Marekebisho ya kwanza hayakutosha. Ilibidi yatolewe mengine siku chache baadaye.

Kwa hiyo usiipitishe amri kwenye sheli. Iite programu moja kwa moja, kila hoja ikiwa kipande chake, na wapokeaji waandikwe baada ya alama ya -- ili anwani inayoanza na kistari isidhaniwe kuwa kijialama. Ukichagua -t, inayowasoma wapokeaji kwenye vichwa vya barua, ondoa kila alama ya mstari mpya katika kichwa kilichotoka kwa mgeni. Mstari mmoja wa ziada wenye neno Bcc unatosha kuigeuza fomu yako ya maoni kuwa kiwanda cha barua taka, na wamiliki wengi wa tovuti hugundua hivyo wakati seva yao imekwisha kuingizwa kwenye orodha nyeusi.

Mwisho, skripti isome namba ambayo sendmail huirudisha ikimaliza. Sifuri ina maana kwamba barua imepokelewa na programu ya seva yako. Haisemi kwamba imefika. Namba 75 ni hitilafu ya muda, na skripti inaweza kujaribu tena. Barua ikishapokelewa, habari za kushindwa kwake zitakuja saa au siku kadhaa baadaye, kwa anwani uliyoitaja kwenye -f.